Mguu wa mbele wa gari dogo la zamani: kwa nini spea ya jina lilelile hugoma kuingia

Weka Volkswagen Beetle ya mwaka 1964 kando ya Beetle ya mwaka 1975, na mtu asiyeyajua magari hayo ataona gari lilelile lenye rangi mbili. Chungulia chini, nyuma ya magurudumu ya mbele, na ufanano unaishia hapo. Ile ya 1964 magurudumu yake yanageukia kwenye kingpini, yaani pini nene ya chuma iliyosimama wima. Ile ya 1975, kama ni toleo la 1303, haina kingpini wala yale mabomba mawili yaliyolala mbele na kuficha springi ndani yake. Ina strati, yaani shokapu nene iliyovalishwa springi na kulishika gurudumu moja kwa moja, na inageuzwa na raki, fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia. Katikati kuna hatua nyingine mbili. Kuanzia Agosti 1965 kingpini ziliondolewa zikaingia bolijointi, viungo vya kichwa cha duara ndani ya kikombe, na mwaka 1970 likaja toleo la 1302 lenye strati lakini likiwa bado na boksi ya steringi, boksi yenye parafujo inayofanya kazi ya raki. Wala haikuwa kwamba kila hatua ilifuta iliyotangulia. Beetle ya kawaida, yenye mabomba mawili mbele, iliendelea kutengenezwa sambamba na zile za strati, mpaka ile ya mwisho kabisa iliyotoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003.

Kwa hiyo anayeingia dukani na kuomba "bolijointi ya Beetle" ameuliza swali lenye majibu kadhaa, na mojawapo ni kwamba mguu wa gari lake, yaani vyuma vyote vinavyolishika na kuligeuza gurudumu, hauna bolijointi kabisa.

Mkanganyiko huu si wa Beetle peke yake. Toyota Corolla za kizazi kilichoanza 1983 ziliuzwa kwa jina moja huku sedani zikivutwa na magurudumu ya mbele, na kupe (coupé) za AE85 na AE86 zikisukumwa na ya nyuma. Nissan Sunny B310 ya 1977 inageuzwa kwa boksi. B11 iliyoifuata 1981 inageuzwa kwa raki. Honda Civic ilianza 1972 na strati, ikahamia mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini ya gurudumu, mwaka 1987, kisha ikarudi kwenye strati mwaka 2000. Jina la nyuma ya gari halikuambii kilichopo chini, na mara nyingine hata mwaka hautoshi.

Ndiyo maana mazungumzo ya wenye magari haya hayafiki popote. Mmoja anasema "bolijointi zangu zilikwisha mapema," mwingine anajibu "zangu zina miaka mingi hazijaguswa," na wote wawili wanasema kweli kwa sababu wanazungumzia vyuma vyenye kazi tofauti. Ukitaka kuuelewa mguu wowote wa mbele, uliza maswali mawili tu: uzito wa gari unashuka hadi kwenye gurudumu kupitia njia ipi, na amri ya usukani inalifikia gurudumu kupitia njia ipi? Yaliyobaki yote yanatoka humo.

Majina kwanza

Springi ndiyo inayobeba gari. Inaweza kuwa ya koili, ya mabamba ya chuma, ya mpira kama kwenye Mini, au fimbo ya chuma inayosokotwa kama kwenye Beetle na Renault 4. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Gari lililoinama upande mmoja lina springi iliyochoka au iliyovunjika, na kununua shokapu mpya hakutalinyoosha. Nasisitiza hili kwa sababu pesa nyingi hupotea hapo.

Mkono ni chuma kinachounganisha bodi na gurudumu ili gurudumu lipande na kushuka bila kupotea mahali pake. Upande wa bodi, mkono hukaa kwenye bushi, ambayo ni mpira uliobanwa kati ya vyuma viwili. Upande wa gurudumu hukaa kwenye bolijointi: kichwa cha duara kilichofungiwa ndani ya kikombe, kinachoruhusu gurudumu lipande, lishuke na ligeuke kwa wakati mmoja.

Tairodi ni fimbo inayolisukuma na kulivuta gurudumu ili ligeuke. Ncha yake ya nje, tairodi endi, nayo imetengenezwa kwa kichwa na kikombe kama bolijointi, na zote mbili huvaa kofia ya mpira ya kuzuia vumbi. Kwa kuwa zinafanana, watu huziita kwa jina moja. Lakini moja inalishika gurudumu mahali pake na nyingine inaliambia liangalie wapi. Bolijointi ya chini ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari. Tairodi endi ikichomoka, gurudumu moja linaelekea linakotaka huku lingine likiendelea kumtii dereva.

Miguu ya aina tatu

Aina ya zamani zaidi ni ile ya kingpini. Fiat 500 ya 1957, Citroën 2CV ya 1948 na Beetle hadi 1965 zote zinageuka hivyo. Pini imara inapita ndani ya bushi za chuma, na kinachozitenganisha ni grisi peke yake. Ukipaka grisi kwa ratiba, inadumu sana. Ukiacha, pini inakula bushi, gurudumu linaanza kucheza na usukani unakuwa mzito. Grisi yenyewe inafaa ipigwe gari likiwa limeinuliwa, magurudumu yananing'inia, ili uzito usiibane pini upande mmoja na kuizuia grisi isipenye.

Jamaa wa kingpini ni mguu unaogeuka kwenye hesi, yaani mistari ya kuzungushia kama ya boliti. Morris Minor ya 1948 ilitumia mpango huu: nguzo yenye hesi juu na chini, ikizunguka ndani ya nati kubwa, na hesi za kulia zikiwa kinyume na za kushoto. Ni ufundi mzuri, lakini hesi ikikauka bila grisi inalika kidogo kidogo pasipo kelele, mpaka siku nguzo inapochomoka ndani ya nati na gurudumu kulala. Triumph Herald ya 1959 ina kifaa cha namna hiyo upande wa chini, na chenyewe kinataka oili ya gia. Anayekipiga grisi nzito akidhani anakisaidia anakinyima kilainishi, kwa sababu grisi haipenyi vizuri kwenye hesi zile.

Aina ya pili ni ya mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja na bolijointi yake. Lada 2101 ya 1970, iliyotokana na Fiat 124 ya 1966, ni mfano ulio wazi: springi ya koili imekaa juu ya mkono wa chini, na shokapu iko katikati ya koili. Mini ya 1959 nayo ina mikono miwili, lakini mpira unaofanya kazi ya springi unakandamiza mkono wa juu. Civic za 1987 hadi 2000 zina mikono miwili ambapo springi na shokapu zimeshikana na kushukia kwenye mkono wa chini kupitia chuma chenye umbo la uma.

Aina ya tatu ni strati. Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani, aliubuni mpango huu miaka ya 1940, na Ford wakauweka kwenye Consul na Zephyr zilizotoka Uingereza mwaka 1950. Mkono wa juu umefutwa. Badala yake shokapu imefanywa nene na imara, springi ikavalishwa juu yake, kichwa chake kikafungwa kwenye bodi, na mguu wake ukashika gurudumu moja kwa moja. Kwa gari dogo ilikuwa nafuu kubwa: vyuma vichache, na nafasi pana ya injini katikati. Corolla ya kwanza ya 1966, Ford Escort ya 1968, Fiat 128 ya 1969, Datsun 1200 ya 1970 na Golf ya 1974 zote zilifuata njia hiyo. Hapa shokapu imepewa kazi ya ziada ya kushika gurudumu lisilale, kwa hiyo strati iliyopinda inaharibu mwelekeo wa gurudumu, jambo ambalo shokapu ya kawaida haiwezi kufanya.

Uzito unapita wapi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Bolijointi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa.

Fikiria watu wawili wenye ndoo ya maji. Mmoja ameitwika kichwani; mikono yake inaishikilia tu isiyumbe, lakini uzito uko shingoni. Mwingine ameibeba kwa mkono, na uzito wote unapita kwenye kiwiko na bega. Gari la strati ni yule wa kwanza. Uzito unashuka kutoka kwenye bodi, unaingia kichwani mwa strati, unapita kwenye springi na kufika kwenye gurudumu. Bolijointi ya chini inaongoza tu. Lada 2101 na Civic ya mikono miwili ni yule wa pili: springi inakandamiza mkono wa chini, na kutoka hapo hadi kwenye gurudumu uzito hauna njia nyingine ila bolijointi ya chini. Kwenye Mini ni ya juu inayobeba. Kwenye Beetle yenye bolijointi, zote mbili, ya juu na ya chini, zinabeba, kwa sababu kila mkono umeunganishwa na fimbo yake ya msokoto.

Hapo ndipo ukaguzi wa kawaida unapodanganya. Fundi anaweka jeki chini ya bodi, anaipandisha Lada, anashika gurudumu juu na chini, anatikisa, halisogei, anasema bolijointi ni nzima. Lakini gurudumu linaponing'inia, springi bado inausukuma mkono wa chini kwa nguvu na kuibana bolijointi upande mmoja. Imekwisha, ila imekazwa na springi kiasi kwamba mikono ya mtu haiwezi kuitikisa. Jeki ikihamishiwa chini ya mkono wa chini, karibu kabisa na bolijointi, springi inabanwa, bolijointi inaachiwa, na uchakavu unaonekana. Kwenye gari la strati ni kinyume: jeki ikae kwenye bodi na gurudumu lining'inie, kwa sababu springi imefungiwa kwenye strati na haiigusi bolijointi.

Baada ya kuinua vizuri, kutikisa kwenyewe kunahitaji utulivu. Shika gurudumu juu na chini, sukuma kwa mkono mmoja huku ukivuta kwa mwingine, sikiliza. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na azishike. Mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi ya gurudumu, kwa kuwa breki imeifunga habu isisogee. Ukibaki, tatizo ni bolijointi, kingpini au kitu kilicho nyuma yake. Kisha shika kushoto na kulia na utikise tena. Hapo unapima tairodi na raki. Nimeona watu wakibadilisha bolijointi nne nzima kwa sababu ya beringi moja, kisa hakuna aliyekanyaga breki.

Kwa tairodi kuna kipimo bora zaidi, na hakihitaji jeki. Gari likiwa chini kwa uzito wake, mtu mmoja anazungusha usukani kidogo sana kushoto na kulia, kama upana wa vidole vinne, bila kuacha. Mwingine analala chini na kuweka kidole kwenye kila tairodi endi, nusu ya kidole kwenye fimbo na nusu kwenye chuma kinachofuata. Kwenye kiungo kizima vyuma viwili vinasogea pamoja. Kwenye kilichokwisha, kimoja kinatangulia na kingine kinachelewa, na kidole kinahisi hilo hata pale jicho lisipoliona.

Strati si zote sawa

Mkono wa chini wa gari la strati, kama ni fimbo moja tu nyembamba, hauwezi kulizuia gurudumu lisirudi nyuma unapofunga breki. Lazima kiwepo kitu cha kuushika kutoka mbele au nyuma, na hapa watengenezaji walitofautiana.

Kwenye Golf ya 1974 mkono wenyewe ni mpana, wenye bushi mbili kwenye bodi, moja mbele na moja nyuma. Unajitosheleza. Kwenye Datsun 1200 mkono ni mwembamba na kuna fimbo nyingine inayoutegemeza, ikishikwa na mpira mnene kwenye bodi. Kwenye Escort nyingi za vizazi viwili vya kwanza kazi hiyo inafanywa na stabilaiza, lile fito lililopinda linalounganisha upande wa kushoto na wa kulia.

Tofauti hii si ndogo. Kwenye Golf, stabilaiza ikiwepo, bushi zake zikifa gari linayumba zaidi kwenye kona na kugongagonga, basi. Kwenye Escort bushi zilezile zikifa, gurudumu linarudi nyuma kila unapokanyaga breki, na gari linavuta upande. Mwenye Escort akiambiwa na mwenye Golf kwamba "bushi za stabilaiza ni za starehe tu," amepewa ushauri wa gari lingine. Kwenye Datsun, mpira wa ile fimbo ukikatika utaona tairi linakaribia kugusa bodi kwa nyuma, na usukani unatetemeka unapofunga breki. Wengi hukimbilia kuchonga diski za breki wakidhani ndizo mbovu.

Kuna tofauti nyingine inayowashinda wanaonunua spea kwa picha. Kwenye Corolla, Datsun na Escort za kusukumwa kwa nyuma, ekseli fupi inayobeba gurudumu imeungana na bomba la strati, ni kitu kimoja. Unapobadilisha shokapu unatoa mashine ya ndani na kuacha bomba. Kwenye Golf na Fiat 128, ambazo magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, shafti inahitaji kupita katikati ya chuma kinachobeba beringi, kwa hiyo chuma hicho ni kitu tofauti kilichofungwa kwenye strati kwa boliti mbili. Lada Samara ya 1984 ina jambo lake la pekee: tairodi inashika kwenye strati yenyewe, kwa hiyo ukibadilisha strati unaondoa pia mahali pa kushikia tairodi, na mwelekeo wa magurudumu lazima upimwe upya.

Bolijointi nazo zinafungwa kwa njia zisizofanana. Za Golf zilitoka kiwandani zikiwa zimepigwa ribiti kwenye mkono. Za kubadilishia huja na boliti, na mwenye gari asishtuke kuona ribiti zimekatwa. Za chini za Civic ya mikono miwili zimeshindiliwa ndani ya chuma cha gurudumu na zinahitaji presi kuzitoa, wakati ile ya juu huja pamoja na mkono wake. Kupigilia bolijointi ya kushindilia kwa nyundo kunapanua tundu, na tundu likishapanuka hata bolijointi mpya haikai.

Na kichwani mwa strati kuna beringi ambayo watu wengi hawajui kuwa ipo. Usukani ukizungushwa, strati nzima inazunguka pamoja na springi yake, ikiegemea beringi hiyo. Ikikwama, springi inajikunja kisha inaachia kwa mshtuko, na unasikia mlio wa koili ukigeuza gari lililosimama. Usukani nao unakuwa mgumu kurudi katikati. Kwenye gari la mikono miwili shokapu haizunguki, kwa hiyo mlio kama huo ukiusikia kwenye Lada 2101 tafuta kwingine.

Boksi na raki

Boksi ya steringi ina parafujo nene ndani yake inayozungushwa na usukani, na parafujo hiyo inageuza mkono mfupi ulio chini ya boksi. Mkono huo unasukuma fimbo ya katikati. Upande wa pili wa gari fimbo hiyo inashikwa na mkono mwingine usio na boksi, idla amu, ambao kazi yake ni kuifuatisha tu. Kutoka kwenye fimbo ya katikati tairodi mbili zinakwenda kwenye magurudumu. Lada 2101, Datsun 1200 na Corolla KE70 ziko hivyo. Beetle ya kawaida ina mpango mfupi zaidi: hakuna idla amu, tairodi mbili zinatoka moja kwa moja kwenye mkono wa boksi, na kwa kuwa boksi imekaa upande mmoja, tairodi moja ni ndefu na nyingine fupi.

Raki ni fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo iliyo mwishoni mwa nguzo ya usukani. Kila ncha ya fimbo hiyo ina raki endi, kisha tairodi, kisha tairodi endi. Viungo vinne tu kati ya raki na magurudumu mawili. Watu wengi hudhani raki ni ya magari ya kisasa na boksi ni ya zamani, lakini Morris Minor ilikuwa na raki mwaka 1948, na Mini mwaka 1959, wakati Corolla nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa bado na boksi. Ulikuwa ni uchaguzi. Raki ni nyepesi na inampa dereva hisia ya barabara. Boksi inameza mishtuko ya barabara mbovu kabla haijafika mikononi. Mwenye boksi nzima hana sababu ya kuionea aibu.

Boksi inayocheza ina skrubu ya kurekebishia juu yake, yenye nati ya kufungia, na skrubu hiyo imeharibu boksi nyingi. Kwanza, mchezo unaousikia kwenye usukani mara nyingi hautoki kwenye boksi. Umejikusanya kutoka idla amu iliyochoka na viungo vya fimbo ya katikati, kila kimoja kikichangia kidogo. Kagua hivyo kwanza. Pili, skrubu ikigeuzwa, magurudumu yawe yameangalia mbele sawasawa, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kila upande. Usukani ukikaza popote, legeza skrubu. Boksi hulika zaidi katikati, mahali inapotumika muda wote, na ukiikaza mpaka katikati pakae vizuri, pembeni panaweza kubana. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona ni hatari kuliko usukani unaocheza kidogo.

Wapo wanaotoa boksi na kufunga raki ya gari lingine. Inawezekana, ila wengi hupima upana wa raki na kusahau urefu wa tairodi. Gurudumu linapopanda na kushuka, mkono wa chini unachora upinde, na tairodi inachora wake. Pinde hizo zisipolingana, tairodi inalisukuma gurudumu ligeuke kila linapopita tuta, na gari linayumba huku dereva ameshika usukani bila kuusogeza. Vilevile, raki iliyobuniwa kukaa nyuma ya ekseli ikifungwa mbele yake, gari linageuka kinyume na usukani.

Alaimenti haiwezi kurekebisha kisicho na skrubu

Alaimenti ni upimaji wa jinsi magurudumu ya mbele yalivyokaa, na vipimo vyake ni vitatu. Tou ni kama magurudumu yanaangaliana au kupeana mgongo ukiyatazama kutoka juu. Kemba ni kama gurudumu limelala ndani au nje ukilitazama kutoka mbele. Kasta ni kiasi gani mhimili wa kugeukia umeegemea nyuma ukiutazama kutoka ubavuni. Mwegemeo huo ndio unaorudisha usukani katikati.

Tou inarekebishwa karibu kwenye kila gari, kwa kuzungusha tairodi. Kemba na kasta zinategemea gari. Lada 2101 ina vipande vya bati vinavyoongezwa au kupunguzwa kwenye mhimili wa mkono wa chini. Beetle ya bolijointi ina kipande kisicho na katikati sawa kwenye bolijointi ya juu, ambacho ukikizungusha kinalisogeza gurudumu. Golf ina boliti kwenye strati. Corolla za strati za zamani hazina chochote cha kurekebishia kemba. Kwa hiyo mashine yenye skrini ikionyesha kemba imetoka nje ya kipimo kwenye gari kama hilo, jibu ni kutafuta kilichopinda au kilicholika. Kuzungusha tairodi ili gari "linyooke" kunahamishia ubovu kwenye matairi.

Kabla ya kulipa

Dukani, nenda na namba ya chasisi na msimbo wa modeli ulio kwenye kibati cha gari, kama KE70 au B310, na ukiweza nenda na spea ya zamani mkononi. Kwa tairodi endi linganisha unene wa ncha yake iliyochongoka, aina ya hesi, na urefu. Ncha nyembamba kidogo itaingia kwenye tundu na nati itakaza, lakini haitashika pande zote na itaanza kucheza. Hesi za kushoto na kulia mara nyingi hupishana ili tairodi irekebishwe kwa kuzungushwa, kwa hiyo kununua mbili za upande mmoja ni kosa la kawaida. Usitupe spea ya zamani mpaka mpya imeingia na kukazwa.

Wakati wa kufunga, boliti za bushi za mikono zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uzito wote chini. Mpira wa bushi ya kawaida hauzunguki. Unajisokota kisha kurudi. Ukiukaza mkono ukiwa umening'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata limeegeshwa, na unachanika mapema. Spea hulaumiwa kuwa feki. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma kidogo, likandamize mara kadhaa springi zikae, ndipo ukaze. Tou ipimwe baada ya hapo.